TULIVYOOGOPA NA TULIVYOTII
Magonjwa ya mlipuko na amri za afya kwetu Kagera



Kamati ya sherehe iliponiita kuandika historia, nilidhani nitaandika hisa, mikopo na lile sanduku letu la kufuli tatu. Kumbe hayo mhasibu keshayaandika. Mimi nikapewa la afya. Nikasema haya, sawa, maana ukiitazama miaka kumi ya kikundi chetu, toka tulipokaa mara ya kwanza mwaka 2015, utaona hakuna jambo lililotikisa mikutano yetu kama magonjwa. Mengine hata hayakufika hapa Bugomora. Hofu yake ndiyo iliyofika, ikakaa nasi kwenye mkeka. Korona ilikuja 2020. Marburg ilizuka mkoani kwetu 2023, ikarudi 2025. Kila mara tuliulizana maswali yale yale: tukutane au tusikutane? Tushikane mikono au tuache? Fulani katoka safari, aje au abaki kwake?

Wapo wanaosema watu wa vijijini ni wabishi, hawasikii, wanapenda uvumi. Nimewauliza bibi zetu, nikakumbuka na niliyoyaona mwenyewe, nikaridhika kwamba maneno hayo si ya haki. Watu wa Kagera wanatii amri za afya, ila wanataka mambo mawili. Waambiwe ukweli, na anayewaamuru awasaidie kubeba mzigo wa hiyo amri. Mahali yalipokosekana hayo mawili watu walikimbia, au walificha wagonjwa, au walimwangukia mnyonge. Kikundi chetu nacho kiliwahi kukosea hapo hapo. Nitalisema mbele bila kuficha.

MALALE NA KAMBI YA WAJERUMANI

Amri za afya hazikuanza na korona. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu maelfu kwa maelfu kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa upande wa Uganda. Mwaka 1906 daktari maarufu wa Ujerumani, Robert Koch, alikuja ziwani akakaa Visiwa vya Sese, akijaribu dawa iliyoitwa Atoxyl. Mwaka 1907 Wajerumani wakafungua kambi ya wagonjwa wa malale pale Kigarama, katika nchi ya Kiziba, kaskazini ya Bukoba.

Mwanzoni watu walikwenda. Nani hataki kupona? Lakini dawa ile ilikuwa na sumu ndani yake. Baadhi ya waliotibiwa nayo walipofuka macho, na wengine waliopata nafuu waliugua tena. Watu walipoyaona hayo wakaanza kuikwepa kambi. Ukisoma juu juu utasema walikuwa wajinga. Mimi nasema walikuwa wanahesabu, kama tunavyohesabu sisi siku ya kugawana: nilitoa nini, nimepata nini?

Upande wa Uganda Waingereza walitumia amri kali zaidi. Kuanzia 1906 waliwahamisha watu toka ukanda wa ziwa, na mwaka 1909 wakavihamisha visiwa vya Sese vyote. Mbung'o akabaki, watu wakaondoka. Maambukizi yalipungua, hilo tulikubali. Lakini watu waliacha migomba, makaburi ya wazazi wao na uvuvi wao. Amri ile iliokoa uhai, na gharama yake yote ililipwa na mwenye shamba. Msahau hilo msije mkalisahau, maana litarudi mbele.

JULIANA

Sasa tuje kwenye yale ambayo mama zetu waliyaona kwa macho. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, magendo yalishamiri mpakani. Bidhaa zilivuka toka Uganda, na katika hizo kulikuwa na kitambaa kilichopendwa sana, watu wakakiita Juliana. Basi ugonjwa mgeni ulipoanza kuwakondesha na kuwaua vijana waliokuwa na fedha, watu wakauita jina la kile kitambaa. Ukimwona kijana amekonda, unanong'ona, "Juliana imemkamata."

Ng'ambo, katika wilaya ya Rakai, wapo waliosema ni uchawi uliotumwa na wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali. Kwa hiyo huku tulisema umetoka kwao, kule walisema umetoka kwetu. Kila mmoja alinyoosha kidole ng'ambo ya mpaka, na wakati vidole vinanyooshwa, ugonjwa unatembea.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana mkoani kwetu, Hospitali ya Ndolage. Mwaka 1987 watafiti walipima watu wazima mkoani. Bukoba mjini walikuta asilimia 24.2 wana virusi. Bukoba vijijini na Muleba asilimia 10. Karagwe, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa na Kyerwa yetu ndani yake, asilimia 4.5. Wengi huku walijipa moyo, ati huo ni ugonjwa wa mjini, wa Wahaya, wa wenye magari. Kumbe asilimia 4.5 maana yake katika kila watu wazima mia, wanne au watano tayari wanao.

Hofu ya siku zile bibi zetu wanaieleza vizuri. Mgonjwa alitengewa sahani na kikombe. Watu waliogopa kukaa kiti alichokalia. Mume akifa, mjane aliambiwa yeye ndiye aliyemleta Juliana nyumbani, shamba likachukuliwa, akarudishwa kwao na watoto. Mwanamke ndiye aliyemwogesha mgonjwa, akamlisha, akamfulia shuka, na mwisho ndiye aliyelaumiwa. Misiba ilikuwa mingi mno, hadi sehemu nyingi za mkoa watu wakakubaliana kupunguza siku za kukaa matanga, maana kama kila msiba ukiukalia siku zile za zamani, nani atalima? Hilo lilikuwa badiliko kubwa la mila, na halikuletwa na askari. Watu walikaa, wakaongea, wakakubaliana.

Na je, watu walisikia mafundisho? Walisikia. Bukoba mjini, toka asilimia 24.2 ya mwaka 1987, ilishuka hadi 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Karagwe, toka 4.5 ilifika 2.6 mwaka 1999. Ni kweli vifo navyo hupunguza hesabu, lakini watafiti waliona kwamba hata maambukizi mapya mjini Bukoba yalipungua sana. Na kumbukeni, dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004. Kwa hiyo badiliko lile lilitangulia dawa. Lilitokana na watu kuona kwa macho, kuambiwa waziwazi makanisani, misikitini, shuleni na kwenye mikutano ya vijiji, na kusaidiwa kulea yatima na kuuguza majumbani. Ukweli ulikuwepo, na msaada ulikuwepo, hata kama haukutosha.

KORONA ILIPOKUJA

Kikundi chetu kilikuwa na miaka mitano. Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, huko Arusha. Kesho yake shule zikafungwa na mikusanyiko isiyo ya lazima ikazuiwa. Makanisa na misikiti viliendelea, masoko yaliendelea. Nchi haikufungwa kama majirani walivyofanya. Hayati Rais Magufuli aliwataka watu wachape kazi na wamwombe Mungu, na siku tatu za maombi ya taifa zikafanyika mwezi Aprili.

Sisi wa mpakani tulikuwa katika nchi mbili za hofu. Uganda walifunga mipaka yao kwa wasafiri mwezi huo huo wa Machi, wakawafungia watu majumbani, na shule zao zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Wenzetu waliozoea kupeleka ndizi na maharage Murongo wapate wanunuzi toka Kikagati walikaa na mzigo hadi ukaoza. Dada zetu walioolewa ng'ambo hatukuonana nao. Mto Kagera ni ule ule, mwembamba wa kupigiana kelele, ukageuka kuwa bahari. Serikali yetu haikutufungia, lakini amri ya jirani ilitufunga. Marejesho ya mikopo yalichelewa, na baadhi yetu tuligombana vibaya siku zile kwa kudhani mwenzetu anakwepa deni.

Huku ndani shida ilikuwa nyingine. Hadi mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu iliyotangazwa ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi Juni tukaambiwa korona imekwisha kwa nguvu za Mungu. Tarehe 29 Juni watoto wote wakarudi shule. Tulifurahi, nani hakufurahi? Ndoo ya kunawia tuliyokuwa tunaiweka mlangoni mwa mkutano ikarudi jikoni.

Lakini misiba ya homa ya mapafu na "changamoto ya kupumua" ilisikika. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini kwamba ugonjwa ungalipo. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba ana korona. Basi huku kijijini kila mtu akawa na hesabu yake. Mmoja anajifukiza nyungu asubuhi na jioni, mwingine anavaa barakoa, mwingine anacheka wote wawili. Ukikohoa kwenye mkutano unasema haraka, "Vumbi tu, jamani." Tulikuwa tunaogopa kuugua, na tunaogopa kuonekana tunaogopa. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini siku zile hata kilio kilifichwa sababu.

Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, wengi wetu tulikuwa bado na maneno ya mwanzo masikioni, kwamba chanjo si nzuri. Tusilaumiane sana kwa hilo. Mtu aliyeambiwa jana hivi na leo vile, atasubiri kidogo aone. Walioturudisha kwenye chanjo ni wahudumu wa afya waliokuja nyumba kwa nyumba na hata kwenye mkutano wetu, wakajibu maswali yote, pamoja na yale ya kijinga ambayo ndiyo yaliyokuwa yanatusumbua: itaniua? itanizuia kuzaa? Aliyejibiwa kwa heshima alichanja.

MARBURG MLANGONI

Machi 2023 habari mbaya ikatoka karibu zaidi. Katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, watu walikuwa wanakufa kwa homa, kutapika na kutoka damu, wanne wao wa familia moja. Tarehe 21 Machi Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, wagonjwa walikuwa tisa, na sita walifariki, wakiwemo waliowahudumia wagonjwa.

Jina hili nalo lina hadithi. Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko waliambukizwa na nyani wadogo waliosafirishwa toka Uganda, ugonjwa ukapewa jina la mji. Virusi vyenyewe hukaa kwa popo wala matunda. Mnaona? Kama ilivyokuwa kwa Juliana, jina la ugonjwa halisemi nani kaleta. Linasema tu ulionekana wapi kwanza.

Marburg haina mchezo. Inaambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwilini mwa mgonjwa au maiti, na mtu anaweza kukaa hadi siku 21 kabla dalili hazijatokea. Ndiyo maana waliokuwa karibu na mgonjwa wanafuatiliwa siku 21, na maiti huzikwa na watu waliovaa nguo za kinga. Kwetu Wanyambo, na kwa jirani zetu Wahaya, kutomwogesha marehemu wako na kutomshika ni jambo zito sana. Hata hivyo watu walikubali. Mlipuko ulizimwa kwa miezi miwili na kitu, kwa sababu safari hii ulitangazwa mapema, kila mtu akajua ni nini na kifanyike nini.

KOSA LETU

Hapa sasa nafika kwenye lile nililoahidi.

Mwezi huo wa Machi mwenzetu mmoja alikuwa amekwenda msibani Bukoba Vijijini. Aliyekufa alikuwa mzee sana, hakufa kwa Marburg, na kijiji hicho hakikuwa na mgonjwa. Aliporudi, habari zikawa zimemtangulia. Tulimpelekea ujumbe asije mkutanoni mpaka siku 21 ziishe. Hatukumwuliza mhudumu wa afya, hatukumwuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi hasa. Akatii. Akakaa kwake.

Nasikia haya kuyaandika. Hakuna hata mmoja wetu aliyempelekea kikapu cha maharage. Kisimani watoto wake waliachiwa njia kama wana ukoma. Ndizi zake zilizokuwa tayari zikakosa mnunuzi zikaivia shambani. Na sisi, kwa kuwa katiba ilisema asiyehudhuria anatozwa shilingi 500, tukamwandikia faini. Mikutano mitatu, shilingi 1,500. Tulimzuia asije, na tukamtoza kwa kutokuja.

Wiki ya nne alikuja. Alikaa mahali pake, akafungua fundo la kitenge, akaweka ile 1,500 mezani mbele ya mhasibu. Akasema, "Nimelipa. Sasa niambieni kosa langu."

Hakuna aliyejibu. Mimi ndiye niliyeziandika zile faini kwa mkono wangu. Mwenyekiti alizichukua fedha akamrudishia, akapiga magoti mbele yake, mtu mzima yule, akamwomba radhi kwa niaba yetu wote. Tulilia. Lakini machozi hayakurudisha ndizi zilizooza.

Siku ile nilielewa habari ya Sese kuliko kitabu kingenieleza. Tulikuwa tumefanya yale yale: amri tukatoa sisi, gharama akalipa yeye peke yake. Nikaelewa pia kwa nini watu huficha safari, huficha homa, huficha mgonjwa ndani. Kama kusema ukweli kunakuletea faini na njaa, nani atasema?

TULIYOYABADILISHA

Mkutano uliofuata tulibadilisha katiba. Mwanachama anayebaki nyumbani kwa ushauri wa afya hatozwi faini. Rejesho lake linasogezwa mbele bila riba ya ziada. Mfuko wa jamii unampelekea chakula na sabuni kila wiki, na wanaopeleka wanaitwa kwa zamu, siyo kwa hiari, ili asikose mtu. Na kabla ya kumwambia yeyote abaki kwake, tunamwuliza kwanza mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Sheria hiyo ilipata mtihani mapema. Katikati ya Januari 2025 zilisikika habari za watu kufa huko Biharamulo. Kwanza tukasikia kwamba vipimo havikuonyesha Marburg. Halafu tarehe 20 Januari Rais mwenyewe akatangaza, akiwa na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, kwamba Marburg imethibitishwa. Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Watu kumi walikufa, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo. Siku zile chache za kutokuelewa habari ipi ni ya kweli zilitosha kujaza kijiji uvumi.

Binti wa mwanachama mmoja alirudi toka Biharamulo wiki hiyo hiyo. Safari hii mama yake hakuficha. Alikuja mwenyewe kumwambia mwenyekiti kabla mtu hajauliza. Mhudumu wa afya akaenda, akamhoji binti, akasema hakukaribiana na mgonjwa, lakini wajiangalie na homa ikitokea waseme mara moja. Mama akachagua kubaki kwake hadi siku zipite. Tulimpelekea ndizi, maharage na sabuni, tukaviacha mlangoni, tukasimama mbali kidogo tukapiga naye hadithi kwa sauti kubwa mpaka majirani wakaja kusikiliza. Binti hakuugua. Rejesho lililipwa lote mwezi wa Aprili.

Ndugu zangu, magonjwa mengine yatakuja. Mwezi huo huo wa Machi 2025, Marburg inakwisha, homa ya nyani nayo ikatangazwa nchini. Sisi tuko mpakani, tuna mto, tuna soko, tuna ndugu pande zote. Hatuwezi kuacha kuogopa, na si vibaya kuogopa: hofu ndiyo iliyotufanya tunawe mikono. Ninachowaomba mnaoingia kikundini sasa, mtakaosoma kijitabu hiki sisi wengine tukiwa hatupo, ni kwamba msije mkaifuta ile ibara ya katiba kwa kudhani ni ya wakati wa Marburg tu. Ukimwambia mwenzako akae kwake kwa ajili ya afya ya wote, basi wote mpelekeeni chakula.

Na yule mwenzetu wa zile shilingi 1,500 bado yuko nasi. Ndiye anayeshika ufunguo mmoja wa sanduku.



Katibu wa kikundi
Bugomora, Kyerwa